Kauli ya Muuzaji kwa Mnunuzi: Historia ya Mawasiliano ya Mauziano kutoka Mashamba ya Mbwawa hadi Majina ya Vikoa

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna muuzaji anavyozungumza na mnunuzi mtarajiwa pale kinachouzwa ni haki isiyoshikika kwa mkono. Mifano miwili inalinganishwa: mauziano ya ardhi katika eneo la Mbwawa, kwenye ukanda wa Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani, na mauziano ya majina ya vikoa vya intaneti. Hoja inayojengwa ni kwamba kauli ya muuzaji hubeba mzigo wa uthibitisho kwa kadiri daftari linavyopungukiwa, na kwamba daftari linapoimarika kauli hiyo haipotezi uzito, bali hugeuka kuwa ushahidi unaoweza kumlinda muuzaji au kumwangamiza.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Mzunguko wa Tisa iliamua shauri la Kremen dhidi ya Cohen. Mlalamikaji alikuwa amesajili jina la kikoa mwaka 1994, likachukuliwa na mtu mwingine mwaka uliofuata kwa njia ya barua ya kughushi. Ili kueleza kwa nini jina hilo ni mali, mahakama ilitumia mfano wa zamani: ilisema kwamba anayesajili jina la kikoa anafanana na mtu anayekwenda katika ofisi ya hati kudai kipande cha ardhi, ili watu wengine wajue kwamba kipande hicho kina mwenyewe. Jambo geni lilielezwa kwa jambo lililozoeleka, na ulinganisho huo umekuwa ukirudiwa tangu wakati huo.

Ulinganisho huo una dhana iliyojificha ndani yake. Unachukulia kwamba ardhi daima imo katika daftari, na kwamba mwenye shaka atakwenda ofisini, atafungua kitabu na kupata jibu. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki historia haikwenda hivyo. Ardhi iliuzwa, ikarithiwa na kuwekwa rehani kwa vizazi vingi bila kuandikwa katika kitabu chochote cha serikali, na mnunuzi aliyetaka kujua ukweli hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa watu. Daftari lake lilikuwa maneno: ya muuzaji, ya jirani wa mpakani, ya mzee wa ukoo, na baadaye ya dalali na mwenyekiti wa mtaa.

Insha hii inaanzia hapo. Inauliza maswali matatu. Kwanza, muuzaji wa ardhi katika ukanda wa Mbwawa aliruhusiwa na mila na sheria kumwambia mnunuzi kwamba anauza nini? Pili, nani alipaswa kuambiwa kabla ya mnunuzi, na kwa nini? Tatu, historia hiyo inatufundisha nini kuhusu biashara ya majina ya vikoa, ambayo daftari lake lipo tangu siku ya kwanza lakini ambayo bado inategemea barua ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine asiyemfahamu?

Mbwawa imechaguliwa kwa sababu ni mahali pa mpito. Ni kata ya Mji wa Kibaha katika Mkoa wa Pwani, magharibi mwa Dar es Salaam, kwenye ukanda ambao Kibaha na Kisarawe zinapakana. Ni eneo la mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo lililofikiwa na mahitaji ya viwanja vya mji. Katika eneo la namna hiyo namna mbili za kuuza, ya shambani na ya mjini, hukutana katika kizazi kimoja, na mara nyingine katika familia moja.

2.0 Muuzaji wa Miti: Mauziano kabla ya Uhuru

Katika pwani ya Afrika Mashariki, Uzaramoni ikiwemo, mti na udongo havikuwa lazima viwe vya mtu mmoja. Mtu aliweza kumiliki minazi au mikorosho iliyosimama katika ardhi ya ukoo mwingine, akavuna, akairithisha, akaiweka rehani au kuiuza. Kwa hiyo muuzaji alipomwendea mnunuzi, kauli yake ilihusu vitu vinavyohesabika. Alisema ana minazi mingapi, ipi inazaa na ipi bado michanga. Mnunuzi alizungushwa shambani, akahesabu mti mmoja mmoja, na kuhesabu huko kukawa sehemu ya makubaliano yenyewe.

Uislamu uliongeza tabaka la pili. Sheria ya Kiislamu inasisitiza kuandika madeni na kushuhudisha mauziano, msingi wake ukiwa aya ya 282 ya Surat al-Baqara. Vilevile inatambua shufaa, yaani haki ya mshirika, na kwa baadhi ya madhehebu haki ya jirani, ya kutangulizwa kabla ya mgeni kuuziwa. Kanuni hii ililingana vizuri na mila za koo, ambazo nazo zilitaka ndugu waambiwe kwanza. Matokeo yake yalikuwa utaratibu wa mawasiliano wenye mpangilio unaoeleweka: ndugu, kisha jirani, kisha mgeni. Muuzaji aliyeruka hatua hizo hakuhesabiwa tu kuwa mkosefu wa adabu. Ukimya wake ulichukuliwa kuwa dalili kwamba anachokiuza si chake peke yake.

Utawala wa kikoloni ulileta daftari lakini haukumwingiza humo mkulima wa kawaida. Amri ya Kaiser ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni ardhi ya dola, na ikamtwisha anayedai haki mzigo wa kuithibitisha. Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, walitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliingiza haki za wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila ndani ya tafsiri ya haki ya kumiliki. Hata hivyo, kutambuliwa huko hakukuambatana na hati. Mkulima wa Uzaramoni alibaki na haki ambayo sheria iliikiri kwa jumla lakini haikuiandika kwa jina lake.

Hali hiyo ndiyo chimbuko la mgawanyiko utakaoonekana baadaye. Walowezi na makampuni waliuziana kwa hati na ramani, na mazungumzo yao yaliishia ofisini. Wenyeji waliuziana kwa hesabu ya miti na kwa mashahidi, na mazungumzo yao yaliishia shambani. Hapo hatuwezi kusema kwamba kundi la pili halikuwa na uthibitisho. Lilikuwa na uthibitisho unaoishi vichwani mwa watu, nao ulidumu kwa muda ule ambao watu hao waliendelea kuishi na kukumbuka.

3.0 Lugha ya Maendelezo: 1961 hadi 1999

Baada ya Uhuru, swali la nini kinauzwa lilipata jibu la kisiasa. Tayari mwaka 1958 Julius Nyerere alikuwa ameandika kijitabu akipinga umilikaji wa ardhi usio na kikomo, kwa hoja kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu na kwamba kinachoweza kuwa mali ya mtu ni matunda ya jasho lake. Mwaka 1963 hati za umiliki usio na kikomo zilibadilishwa kwa sheria kuwa za muda, na mwaka 1969 hizo nazo ziligeuzwa kuwa haki ya kumiliki chini ya dola. Kuanzia hapo msimamo wa kisheria ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei. Kilichoweza kulipiwa ni maendelezo: nyumba, kisima, mazao na miti.

Kwa mtazamo wa historia ya mawasiliano, msimamo huu ulikuwa na athari ya pekee. Uliamua maneno ambayo muuzaji aliweza kuyatamka. Mtu aliyetaka kuuza shamba alilazimika kusema, na hati yake ililazimika kuandika, kwamba anauza mikorosho au banda. Bei ilipanda kwa sababu ya mahali shamba lilipo, lakini sababu hiyo haikuandikwa. Katika ukanda wa Pwani lugha hiyo haikuwa ngeni, kwani kuuza miti pasipo kutaja udongo kulikuwa desturi ya kale. Sera ya dola na mila ya pwani zilikutana katika msamiati mmoja huku kila moja ikiwa na makusudio yake. Wakati mila ilitenganisha mti na udongo kwa kuwa kila kimoja kiliweza kuwa na mwenyewe, sera ilivitenganisha kwa kuwa udongo haukupaswa kuwa bidhaa.

Jambo la pili la kipindi hiki ni uhamishaji wa watu. Mwezi Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Watu walihamishwa kutoka maeneo yao ya asili na kupewa maeneo ambayo wengine walikuwa na madai nayo. Daftari lile la vichwani lilivurugika. Jirani wa mpakani, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi mkuu, aliweza kuwa mgeni aliyefika mwaka juzi. Miaka kumi au ishirini baadaye, mtu aliyesema kwamba hapa ni petu aliweza kusema kweli, na aliyempinga naye akasema kweli pia, kwa kuwa kila mmoja alitegemea tukio tofauti.

Dola ilijaribu kulifunga jeraha hilo kwa Sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa operesheni. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, isiyoweza kunyang'anywa bila fidia. Shauri hilo halikutoka Pwani, lakini maana yake ilifika kila kijiji: neno la babu kuhusu shamba lake lilipata uzito wa kikatiba. Wakati huohuo Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia mwaka 1991, ilikuwa imeonesha ukubwa wa migogoro nchini. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria mbili za mwaka 1999, Na. 4 ya ardhi na Na. 5 ya ardhi ya vijiji, zilifuata. Sheria hizo zilianza kutumika Mei 2001 na zilikiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Marekebisho ya mwaka 2004 yalifungua njia ya kuuza ardhi isiyoendelezwa. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960, muuzaji aliweza kutamka kisheria kile ambacho wote walikijua: nauza kiwanja.

4.0 Mji Unapofika: Dalali, Hati ya Mtaa na Maandishi ya Ukutani

Ruhusa hiyo ilikuja wakati Dar es Salaam ikipanuka kwa kasi. Serikali ilianzisha Mradi wa Viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kupunguza uhaba wa viwanja vilivyopimwa, lakini mahitaji yalizidi. Wanunuzi walifuata barabara kuu ya Morogoro kuelekea Kibaha, kisha wakaingia ndani zaidi. Mashamba yalikatwa vipande, na kipimo cha ekari kikapisha kipimo cha hatua na cha mita.

Mnunuzi wa sasa hakuwa mtu wa karibu. Hakumjua muuzaji, hakujua ukoo wake, na pengine alifika Jumapili moja kisha asionekane tena hadi siku ya malipo. Pengo hilo lilizibwa na dalali. Kazi ya dalali huelezwa mara nyingi kuwa ni kutafuta wateja, lakini kihistoria kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri. Kwa mnunuzi alisema umbali hadi barabara, umeme umefika wapi, maji yako wapi. Kwa muuzaji alisema mnunuzi ana uwezo gani na ana haraka kiasi gani. Kila upande ulimsikia mwenzake kupitia kwake, na ujira wake ulitegemea pande zote mbili kukubaliana, hata kama ukweli wote ulikuwa haujasemwa.

Simu za mkononi ziliongeza kasi. Namba ziliandikwa juu ya jiwe, juu ya kibao kilichopigiliwa mtini, au juu ya ukuta wa duka, zikiambatana na maneno mafupi kwamba viwanja vinauzwa. Hapa tunaona badiliko la msingi la mpangilio wa mawasiliano. Tangazo la barabarani humfikia mgeni kabla ya ndugu. Utaratibu wa kale wa ndugu, jirani, mgeni uligeuzwa juu chini, na familia nyingi ziligundua kwamba shamba linauzwa kwa kusoma kibao.

Jibu la jamii kwa hali hiyo liliandikwa ukutani pia. Msafiri wa Dar es Salaam na viunga vyake huyaona maneno yaliyopakwa kwa rangi nyekundu: nyumba hii haiuzwi, au kiwanja hiki hakiuzwi, ogopa matapeli. Maandishi haya hayajapewa uzito unaostahili kama chanzo cha historia. Ni mawasiliano na mnunuzi mtarajiwa kutoka kwa mtu asiyekusudia kuuza. Mwenye mali anamwambia mtu asiyemjua kwamba yeyote atakayejidai kuiuza si mwenyewe. Katika mfumo wenye daftari linalofikika kwa urahisi, ukuta haungekuwa na kazi hiyo. Mwenye mali amegeuza tofali zake kuwa rejesta.

Sehemu ya mwisho ya mazungumzo ilifanyika katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mtindo unaofanana sehemu nyingi: jina la muuzaji na la mnunuzi, ukubwa wa eneo, majirani wa pande nne, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tamko kwamba eneo halina mgogoro, saini za mashahidi wa kila upande, na mhuri. Mara nyingi asilimia fulani ya bei, iliyozoeleka kuwa kumi, ililipwa ofisini kwa desturi. Sheria haikumfanya mwenyekiti wa mtaa kuwa msajili wa ardhi. Usajili una sheria yake, Sura ya 334, na msajili wake. Lakini kwa mnunuzi wa kiwanja kisichopimwa, mhuri huo ndio uliokuwa karibu na ndio uliofanana na daftari. Pale mwenyekiti alipobadilika na mwenzake akaja na kumbukumbu tofauti, kiwanja kimoja kiliweza kuwa na hati mbili zenye mhuri mmoja.

Ndipo methali ya Waswahili isemayo mali bila daftari hupotea bila habari inapopata maana yake kamili. Methali hiyo haikuzungumzia ardhi pekee. Ni kauli ya wafanyabiashara wa pwani. Hata hivyo inaonesha kwamba tatizo hili lilijulikana kabla ya sheria za kisasa kuandikwa.

5.0 Jina la Kikoa: Daftari Lilitangulia

Jina la kikoa ni anwani ya maneno inayomwezesha mtu kuifikia tovuti au barua pepe bila kukariri tarakimu. Kwa asili yake ni kinyume cha shamba la Mbwawa: halikuwahi kuwepo nje ya daftari. Kikoa cha Tanzania, .tz, kiliingizwa katika orodha ya dunia mwezi Julai 1995. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda kituo cha tzNIC ili kusimamia daftari la .tz, na mwaka 2010 ICANN iliridhia kituo hicho kikabidhiwe kikoa rasmi. Chini yake kuna vitongoji vyenye mipaka inayoeleweka: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa asasi, .ac.tz kwa elimu ya juu, .go.tz kwa serikali.

Mwenye jina hapewi umilikaji wa milele. Anasajili kwa muda na kulipia upya, na akiacha kulipia, jina hurudi sokoni. Kinachouzwa kati ya watu wawili ni nafasi ya jina katika daftari, inayohamishwa kupitia kwa msajili aliyeidhinishwa. Hapa ulinganisho na haki ya kumiliki ardhi chini ya dola unakuwa wa karibu kuliko majaji wa Marekani walivyokusudia. Muuzaji wa Mbwawa na muuzaji wa kikoa wote wanauza haki ya kutumia, yenye masharti, iliyo chini ya mamlaka ya juu zaidi.

Je, daftari liliondoa haja ya kauli? Shauri la Kremen linaonesha kwamba halikuiondoa. Mwaka 1995 mwizi wa jina lile alipeleka kwa msajili barua iliyodai kwamba kampuni ya Kremen imemfukuza na imeridhia jina lihamishwe. Barua ilikuwa na sababu ya ajabu: kampuni ya mtandao ilidai haina intaneti na hivyo imelazimika kutumia karatasi. Msajili alihamisha jina bila kumtafuta mwenye jina kumuuliza. Baadaye mahakama ilimpa Kremen tuzo ya dola milioni 65 dhidi ya mwizi, aliyekwisha kukimbilia Mexico. Daftari lilikuwepo, lilikuwa sahihi, na lilidanganywa kwa barua moja. Kosa lake lilikuwa lilelile la mhuri wa ofisi: mtunza kumbukumbu aliamini kauli bila kumsikia mtu wa upande wa pili.

Jambo la kuvutia zaidi ni barua ya muuzaji halisi kwa mnunuzi mtarajiwa. Katika shauri la kampuni ya One in a Million lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1998, wafanyabiashara walikuwa wamesajili majina ya makampuni makubwa, kisha wakawaandikia wenye majina hayo. Barua mojawapo ilitoa jina la burgerking.co.uk kwa pauni 25,000 pamoja na kodi, na ikadokeza kwamba likikataliwa laweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Barua hizo, zilizoandikwa kama matangazo ya biashara, zilisomwa mahakamani kama vitisho. Wauzaji walishindwa.

Mwaka uliofuata ICANN ilipitisha utaratibu wa pamoja wa kusuluhisha migogoro ya majina. Utaratibu huo unasema kwamba kusajili jina kwa lengo kuu la kumuuzia mwenye alama ya biashara, kwa bei inayozidi gharama za usajili, ni ushahidi wa nia mbaya. Uamuzi wa kwanza chini yake, uliotolewa na jopo la WIPO mwezi Januari 2000, ulihusu jina worldwrestlingfederation.com. Msajili wake alikuwa amewaandikia wenye alama hiyo siku tatu tu baada ya kusajili, akitaka dola 1,000. Jina lilihamishiwa kwao. Barua pepe fupi ya kuuza ndiyo iliyopoteza mali iliyokuwa ikiuzwa.

Kwa Tanzania mambo haya si ya mbali. WIPO hushughulikia pia migogoro ya majina ya .tz, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliyapa mawasiliano ya kielektroniki nafasi ya ushahidi mahakamani. Muuzaji wa jina la .co.tz anayemwandikia mnunuzi kwa barua pepe au kwa simu anaandika hati ya mauziano bila kuiita hivyo. Tofauti yake na hati ya mtaa ni kwamba hakuna shahidi aliyeketi naye kumwonya kuhusu neno analoliandika.

6.0 Mjadala

Tukiziweka historia hizi mbili pamoja, mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza ni nani aambiwe kwanza. Katika mila ya pwani, kumtanguliza mtu mwenye uhusiano na mali ni heshima na ni kinga: ndugu na jirani wakiridhia, mgeni hununua kwa amani. Katika biashara ya vikoa, kumwendea kwanza mtu ambaye jina linafanana na alama yake kunaweza kuwa ndiyo hatia yenyewe. Lakini hitilafu hii ni ya juujuu. Chini yake kuna kanuni moja: mtu mwenye madai ya awali hawezi kurukwa. Muuzaji wa shamba hukiri madai ya ndugu kwa kumpa nafasi. Muuzaji aliyenyakua jina la mwingine hutaka kumlipisha mtu huyo kwa madai yake mwenyewe, na barua yake inathibitisha kwamba aliyajua madai hayo tangu mwanzo. Muuzaji wa jina la kawaida, lisilo la mtu, hana hatari hiyo, na barua yake ni tangazo kama matangazo mengine.

La pili ni nini kinachotamkwa. Kwa miaka mingi sheria ilimlazimisha muuzaji wa Pwani kusema anauza miti ilhali wote walijua bei ni ya mahali. Kauli na ukweli vilitengana, na bei halisi ikakosa mahali pa kuandikwa. Mauziano ya vikoa yana utengano unaofanana nao: muuzaji husema anauza jina, ilhali anauza muda uliobaki wa usajili na tumaini la kuendelea kulipia. Mnunuzi asiyeelezwa hilo anaweza kulipa fedha nyingi kwa haki itakayokwisha muda baada ya miezi michache. Uaminifu wa kauli hautoshi ikiwa msamiati wenyewe unaficha kinachouzwa.

La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni nafasi ya kimya. Maandishi ya ukutani yanayosema nyumba haiuzwi yanatufundisha kwamba mwenye mali asiyesema chochote yuko hatarini, kwa kuwa wengine wanaweza kusema kwa niaba yake. Kremen naye hakuulizwa, na kimya chake kilichukuliwa kuwa ridhaa. Daftari lisilo na wajibu wa kumuuliza mwenye jina kabla ya kuhamisha halimpiti kwa mbali ukuta uliopakwa rangi.

Inaweza kudaiwa kwamba ulinganisho huu unakuza biashara ndogo ya majina kwa kuiweka sambamba na ardhi, ambayo ni uhai wa kaya nyingi. Pingamizi hilo lina haki yake. Mtu aliyeuziwa kiwanja chenye hati mbili hupoteza akiba ya maisha. Mtu aliyepoteza jina la kikoa huenda akasajili jingine. Lakini insha hii hailinganishi ukubwa wa hasara. Inalinganisha njia ambayo hasara hupitia, na njia hiyo ni moja: kauli iliyoaminiwa na mtunza kumbukumbu, bila mwenye haki kusikilizwa.

7.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba historia ya mauziano katika ukanda wa Mbwawa inaweza kusomwa kama historia ya mazungumzo: kutoka hesabu ya miti mbele ya mashahidi, hadi lugha ya maendelezo chini ya sera ya ardhi ya umma, hadi kibao cha barabarani, dalali na mhuri wa mtaa. Katika kila kipindi sheria iliamua kinachoweza kutamkwa, na jamii ikabuni njia ya kuthibitisha kilichoachwa bila kutamkwa. Biashara ya majina ya vikoa ilianza mahali ambapo historia hiyo inaelekea, yaani kwenye daftari, lakini ilikuta kwamba maneno ya muuzaji kwa mnunuzi bado yana nguvu ya kutoa haki na kuinyang'anya.

Kutokana na matokeo hayo, kazi ya kupima na kuandika viwanja vya viunga vya miji haipaswi kuchukuliwa kuwa mwisho wa tatizo. Mnunuzi wa Mbwawa atakapokuwa na namba ya hati mkononi, swali la kale litabaki palepale: je, aliyeandikwa humo aliulizwa, na akakubali? Mila ya pwani ililijibu swali hilo kwa kuwakusanya watu shambani kabla ya fedha kubadilishana mikono. Daftari la ardhi na daftari la majina yote yatakuwa salama zaidi yakiubeba wajibu huo ndani ya taratibu zao, badala ya kumwachia mwenye mali aupake ukutani kwa rangi nyekundu.